Watoto wa Kitabu cha Nzioka

Jumamosi, 2 Machi

Kiama, katibu wa kanisa letu, alikuja asubuhi na kitabu kikubwa ndani ya gunia la nailoni, amekibana kwapani kama kuku wa kuchinja. Akakiweka mezani na kukipangusa kwa mkono wa shati.

"Sista, hii ni ya zahanati ya zamani ya Thika," akasema. "Ile ya laini, zile nyumba za wafanyakazi. Wamisheni waliiacha kanisani."

Kinaanza 1926, kinaishia 1935. Waliozaliwa wako kushoto, waliokufa kulia. Mwezi wa sita kanisa linatimiza miaka mia moja, na wazee wa kanisa wanataka majina ya watoto waliokufa yasomwe siku hiyo, maana hakuna aliyewahi kuwaombea. Tatizo ni mwandiko. Mimi nilifanya kazi wodi ya akina mama miaka thelathini na minne, na mwandiko mbaya haunitishi.

Nikakubali. Nilistaafu miaka minne iliyopita, mume wangu Mutisya ametangulia, watoto wako mbali, na hapa Theta siku ni ndefu. Nimenunua madaftari mawili, moja la majina ya watoto na hili la siku zangu mwenyewe.

Jumatatu, 4 Machi

Joto. Mawingu yanafika mlima Ol Donyo Sabuk yanarudi yalikotoka.

Jumatano, 6 Machi

Kitabu kizima kiliandikwa na mtu mmoja, dresa aliyeitwa Nzioka. Siku zile dresa ndiye alikuwa anafunga vidonda, anatoa dawa, anaandika. Wino wake umegeuka rangi ya chai. "Mtoto wa Waweru mpishi, siku 9, homa." "Mtoto wa Opiyo wa reli, miezi 3, kifua." "Mtoto wa Mutua, siku 1." Jina la baba, kazi ya baba, basi. Watoto wenyewe hawana majina.

Nilimpigia Kiama. "Majina hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Endelea tu, Sista. Tutaona."

Karatasi zinanuka sisal na mafuta ya taa, na harufu hiyo ilinirudisha mbali. Nilikuwa na miaka saba hivi nilipoanza kuja Thika na mama, tumebeba vyondo vya sisal alivyosuka kwenda kuviuza sokoni. Upepo ukivuma kutoka kwa kiwanda, mji wote ulinukia mananasi yanayochemka. Mama alikuwa akisimama, anafunga macho, anavuta pumzi, kisha ananiambia, "Tumeshakula, twende." Baadaye nilipokuwa nesi, king'ora cha kiwanda cha nguo ndicho kilikuwa saa yetu wodini. Hata wenye uchungu walikuwa wakiuliza, "Sista, kimelia cha saa nane?"

Jumamosi, 9 Machi

Nimemaliza 1929. Waliozaliwa ni mia mbili na kumi na wawili. Waliokufa kabla ya mwaka mmoja ni sitini na watatu. Nilihesabu mara mbili, nikaenda kusimama mlangoni. Watoto wa jirani walikuwa wakiruka kamba barabarani, kumi hivi. Nikajikuta nawatoa watatu.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Zamani mvua hii ikinyesha, baada ya siku tisa kahawa yote kutoka Ruiru hadi Thika ilichanua nyeupe, na ungedhani mtu amemwaga manukato hewani. Sasa kahawa imeng'olewa, ni nyumba za kupanga na mabango ya ploti. Nilivuta pumzi hata hivyo. Udongo tu.

Emmah, jirani yangu ng'ambo ya ua, ana mimba ya miezi saba. Yeye na mumewe Gachau wamepanga vyumba viwili. Gachau anauza chakula cha kuku Mwihoko. Leo mama yake Gachau amefika kutoka Mugutha na begi kubwa kuja kumtunza. Anaitwa Wamboi, lakini sisi sote tunamwita Mama Gachau. Nilimsalimia. Akajibu "mzima" na kuingia ndani.

Jumatatu, 18 Machi

Nilimpelekea Emmah shali ya sufu niliyoifuma mwenyewe. Kabla chai yangu haijapoa, Mama Gachau akairudisha, imekunjwa vizuri.

"Asante Sista. Hapa hatuhitaji."

"Ni ya mtoto."

"Mtoto gani?" akasema, na macho yake hayakupepesa. "Mimi sijaona mtoto."

Moyo wa jiwe.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua kutwa. 1930 ulikuwa mwaka wa kuhara. Kurasa nne.

Jumapili, 31 Machi, Pasaka

Emmah hakuja kanisani. Mama Gachau hataki aombewe mbele ya watu. Jioni nilimkuta uani akianua nguo, ameshika kiuno.

"Sasa Sista. Happy Easter."

"Mbona hukuja?"

Akaangalia mlango kwanza. "Mathe hataki mtu ajue. Ati tusinunue kitu, tusitaje jina, tusiseme tarehe. Sijabuy hata soksi, Sista. Nikishika nguo ya mtoto kwa duka ananitoa na mkono."

"Na wewe unatakaje?"

"Mimi nataka tu kufika," akasema. Tarehe yake ni katikati ya mwezi wa tano.

Jumanne, 9 Aprili

Ukurasa wa 88, Agosti 1931. "Mtoto wa Nzioka dresa, miezi 4, kifua." Mwandiko ni uleule, wino uleule. Mstari unaofuata ni wa siku ileile, mtoto wa mtu mwingine, homa. Hakupumzika hata siku moja. Niliweka kalamu chini, nikaenda kung'oa magugu mvuani.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo sitajua kuandika vizuri lakini lazima niandike.

Babu yangu mzaa mama aliitwa Musau. Alitoka Kangundo kuja kufanya kazi ya reli Thika, na nyanya yangu Mbithe akamfuata wakakaa katika laini za reli. Hayo nayajua tangu utotoni. Mama yangu, Ndanu, alizaliwa hapo mwaka 1933, na maisha yake yote alituambia, "Mimi ni kifungua mimba wa Mbithe." Alijivunia. Kwenye harusi alikaa mbele ya wadogo zake kwa sababu hiyo.

Ukurasa wa 21, 1927: "Mtoto wa Musau wa reli, Mkamba wa Kangundo, mke Mbithe. Siku 6, homa." Nikasema Musau ni wengi. Ukurasa wa 57, 1929: "Mtoto wa Musau wa reli, mke Mbithe, miezi 7, kuhara." Ukurasa wa 90, 1931: "Mtoto wa Musau wa reli, mke Mbithe, siku 2." Kisha upande wa kushoto, 1933: "Mtoto wa Musau wa reli, msichana." Nikafungua upande wa kulia, nikafuata kwa kidole mstari kwa mstari hadi mwisho wa kitabu. Hayumo. Huyo ni mama.

Alikuwa wa nne.

Kuna jambo nililolicheka nikiwa mtoto. Nyanya hakuwa akimwita mama kwa jina lake. Alikuwa akimwita Mbiti, yaani fisi. Mama alikuwa na shingo ndefu na ngozi laini, mwanamke mzuri kabisa, na nyanya anapaza sauti kutoka jikoni, "Mbiti! Leta kuni!" Siku moja nilimuuliza, "Susu, mbona unamwita mama fisi?" Akanipaka majivu kwenye pua akasema, "Ili asitamaniwe." Nilidhani anasema habari za wanaume.

Baadaye nikiwa nesi nilisikia kwamba Wakamba wa zamani walimpa jina hilo mtoto aliyezaliwa baada ya vifo, ili kifo kimwone hana thamani kimpite. Nilisikia, na sikuunganisha. Nyanya alifariki nikiwa na miaka kumi na minne, mama alifariki 2009. Nyanya alibeba watatu miaka yote ile, akipika, akicheka, akinisuka nywele pale kizingitini, na hakuwahi kuwataja. Labda hata mama hakuambiwa. Ningetoa chochote nikae naye tena kizingitini nusu saa tu, nimuulize walifanana na nani.

Jumatano, 17 Aprili

Kuna jambo nimekuwa nikilizunguka tangu nianze daftari hili.

Emmah alizaa mtoto mwaka juzi, mwezi wa saba, wakati wa baridi. Msichana. Alipokuwa na siku kumi na tisa Emmah alimleta hapa uani akiwa amefungwa leso. "Sista, anakoroma puani." Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilimtazama juu ya ua. Sikumfungua leso, sikuhesabu pumzi zake, jambo nililowafundisha wanafunzi wauguzi miaka yote. Nikasema, "Ni mafua tu, mpe ziwa." Siku mbili baadaye walimkimbiza hospitali na akafia mlangoni. Kifua.

Ndiyo sababu najua kwa nini Mama Gachau alinirudishia shali. Nilimwita moyo wa jiwe kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuandika haya. Emmah hajawahi kunilaumu hata kwa jicho. Na mimi sijawahi kumwambia pole ya kweli, ile inayosema kosa ni langu.

Ninaandika "kifua" mara ishirini kwa siku.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua haijakatika siku tano. Udongo wetu mweusi umekuwa gundi. Redio inasema Nairobi watu wamehamishwa mitaa mizima. Gachau anatembea na gambuti hadi lami.

Ijumaa, 26 Aprili

Karavati, kidaraja cha barabara yetu, imebebwa na maji. Sijui kama shule zitafunguliwa Jumatatu. Nilimwambia Gachau juu ya ua, "Mpeleke Emmah mjini akae karibu na hospitali."

"Jumatatu, Sista. Ndugu yangu atatupatia nyumba."

Jumatatu, 29 Aprili

Ninaandika haya kesho yake, Jumanne, lakini nitayaweka chini ya siku yake.

Saa tatu asubuhi Gachau aliruka ua. Hakubisha. "Sista, maji imetoka. Gari haiwezi fika, boda wamekataa. Kuja."

Nilisimama nimeshika sufuria. Nilitaka kusema kwamba nimestaafu, kwamba vidole vyangu vimevimba, kwamba zilikuwa zimebaki wiki mbili na mtoto atakuwa mdogo. Nilitaka kusema, siye mimi, si mlango huu. Gachau akasema tena, taratibu, "Kuja, mum."

Nilichukua wembe mpya, uzi, na leso zote za kabatini. Nikamwambia achemshe maji, atie uzi na wembe ndani, kisha akatafute trekta kwa Mzungu wa shamba la maua au popote.

Mama Gachau alikuwa ameshika mgongo wa Emmah. Aliponiona alisimama mlangoni katikati, na kwa muda nilidhani atanifukuza. Akasogea.

Mvua ilipiga mabati hadi tukawa tunaongea kwa mikono. Emmah hakupiga kelele. Alikuwa akiniangalia machoni kila uchungu ulipokuja, akisema, "Sista usiende, usiende." Saa tano na dakika kumi mtoto akatoka. Msichana mdogo, rangi ya bluu, amelegea kama kitambaa. Hakulia.

Nilimkausha, nikamsugua mgongo. Kimya. Nikafuta mdomo, nikafunika pua na mdomo wake kwa mdomo wangu, nikapuliza pumzi ndogo, zile za mashavuni tu. Nikahesabu. Kifua chake kikainuka na kushuka. Nikapuliza tena. Nilikuwa nasikia Mama Gachau nyuma yangu akimwita Mungu kwa neno moja tu, "Ngai, Ngai, Ngai," bila kupumzika. Sijui ni mara ya ngapi alipokunja uso, akakohoa, na kilio kikatoka, chembamba, kama mlango mkavu.

Nikafunga kitovu, nikakata. Lakini Emmah alianza kumwaga damu na ikabidi mikono yangu yote iwe kwake, nikande tumbo hadi kizazi kikaze. Mtoto alikuwa anapoa. Kabla sijasema neno, Mama Gachau alivua sweta, akafungua blauzi, akamchukua mtoto akamweka uchi katikati ya matiti yake, akafunga leso juu yao wote wawili. Akakaa pembeni ya jiko, ameinama, akimpulizia utosini. Yeye ambaye hakuwa ameona mtoto.

Damu ilipungua. Trekta ilifika saa saba. Tulipanda sote kwenye trela chini ya turubai, na tulipofika lami gari la mtu tusiyemjua likatupeleka Thika.

Jumanne, 30 Aprili

Mtoto ni kilo moja na gramu mia tisa. Wamemweka kwenye chumba cha watoto wachanga, ana oksijeni. Emmah ameongezewa damu. Mama Gachau na mimi tumekaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi. Mwishowe nikasema.

"Najua kwa nini ulirudisha shali."

"Unajua?"

"Kwa sababu ya mtoto wa kwanza. Nilimwambia Emmah ni mafua tu. Sikumwangalia vizuri."

Akageuka mzima. "Mafua gani?"

Hakuwa anajua. Emmah hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mumewe. Ikabidi nimwambie yote, ua, nguo, leso ambayo sikuifungua. Alisikiliza akiangalia viatu vyake, vimejaa matope ya Theta. Nesi akapita mara mbili.

"Mimi nilidhani ni jina langu," akasema.

Sikuelewa.

"Msichana wa kwanza anapewa jina la nyanya yake mzaa baba. Yule alikuwa Wamboi. Na kwetu, mimi ni Wamboi wa tatu. Mama alizika wawili kabla yangu, jina ni hilohilo. Nikasema hili jina linakula watoto. Ningekubali aje na nguo na shali, halafu nimwite jina langu, nimzike tena?" Akafuta macho kwa kiganja. "Ungeniambia hayo yako mwaka juzi, Sista, ningekuchukia hadi kaburini."

"Na sasa?"

"Sasa nimekuona ukimpulizia," akasema. "Emmah umwambie wewe mwenyewe. Si mimi."

Jumatano, 1 Mei

Nilimwambia Emmah. Alikuwa akinywa uji. Akasema, "Nilijua unajua, Sista. Nilikuwa nangoja uniambie." Kisha akalia, na mimi pia, na mgonjwa wa kitanda cha pili akatuuliza nani amekufa.

Ijumaa, 3 Mei

Kilo moja na mia nane. Wanasema wote hupungua kwanza. Ninajua hivyo. Sikulala vizuri.

Jumatano, 8 Mei

Karani wa hospitali alikuja na fomu ya kuzaliwa. "Jina la mtoto?" Gachau akaangalia dari, Emmah akaangalia mikono yake. Mama Gachau akasema kutoka mlangoni, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Andika Wamboi. W-A-M."

Jumatatu, 13 Mei

Shule zimefunguliwa hatimaye. Jua. Ametoka kwenye oksijeni.

Jumatatu, 20 Mei

Kilo mbili na robo. Wamerudi nyumbani. Nimerudia kunakili, 1934. Vifo vinapungua kidogo mwaka huo, au ni mimi nataka vipungue.

Jumamosi, 1 Juni

Nimemaliza kitabu. Miaka kumi, watoto waliokufa mia nne na sabini na wanane. Nimejaribu kuwaza Nzioka alikuwa na sura gani. Ninamwona mwembamba, shati limepigwa pasi, akichovya kalamu. Baada ya mtoto wake aliandika miaka mingine minne. Kiama anasema hakuna anayejua alizikwa wapi.

Nimewaza pia wodi yangu. Nilizalisha maelfu, na wengi wa watoto wale sasa ni watu wenye ndevu wananisalimia Thika mjini, "Sista, mimi ni wako." Nilifikiri nitakumbuka hao. Lakini nikifunga macho ninaowaona ni wachache, na ni wale wengine.

Jumapili, 23 Juni

Baridi, na kanisa lilijaa hadi nje. Watu walitoka Ruiru, Juja, hata Matuu. Kwaya tatu, askofu, hema.

Nilipoitwa mbele nilieleza kwamba kitabu hakina majina ya watoto, kina ya wazazi tu, na kwamba nitasoma yalivyoandikwa. Nikaanza. "Mtoto wa Waweru mpishi, siku tisa. Mtoto wa Opiyo wa reli, miezi mitatu." Nilidhani watu watachoka na kutoka. Hakuna aliyetoka. Nilipofika kwa Musau wa reli na Mbithe sauti ilikatika, nikasoma mara ya pili ili isikike. Nilisoma na mtoto wa Nzioka dresa. Ilichukua saa nzima.

Nilipofunga daftari, Kiama akainua mkono aanzishe wimbo. Hapo akasimama mwanamke mzee benchi la nyuma. Ni Mama Aketch, aliyekuwa msafishaji wa wodi yangu miaka ya themanini. Nimemjua karibu miaka arobaini.

"Andika wangu," akasema. "Aliitwa Apiyo. Wiki sita. Surua."

Nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika. Kabla sijamaliza akasimama mwingine. "Mwanangu Kioko, miezi miwili." Kisha mwanamume mwenye koti, mzee wa kanisa, hajawahi kusema jambo lake mbele ya mtu: "Wetu hakupata jina. Siku moja." Wakaendelea kusimama, hapa na pale, wengine wakinong'ona hadi aliye mbele akarudia ili nisikie. Askofu alikaa chini. Mkono wangu uliuma na sikutaka uache kuuma.

Emmah alisimama karibu na mwisho, mtoto kifuani mwake.

"Wamboi wa Gachau," akasema. "Siku ishirini na moja." Akaniangalia, bila hasira. "Kifua."

Nikaandika. Alipokaa, mtoto aliyekuwa amelala muda wote akaamka na njaa, akalia kwa mapafu yake yote hadi kipaza sauti kikaitikia. Emmah akaanza kufungua vifungo. Kiama, jasho likimtoka, akainua tena mkono kwa kwaya.

"Ngoja wewe," Mama Gachau akamwambia kutoka benchi la tatu. "Wamboi ananyonya."

Kiama akashusha mkono. Kanisa zima likangoja.